Nilivyokimbia Bila Kukonda

Nichekeni, kama mutaweza. Munganga wa hospitali aliniambia nikimbie kila asubuhi nikonde. Nilikimbia mwezi mzima kando ya stesheni ya Kolwezi, na kitambi kikazidi. Sikumwambia kwamba nikimaliza, nikihema, Mama Ngalula alikuwa ananiita kwenye sufuria yake. Yeye na watoto wake walikuwa wamefukuzwa mjini kwa kuwa asili yao ni Kasai, wakalala pale chini ya turubai wakingoja treni ya Kasai. Mbio zilinitia njaa, nami nikamaliza bukari yao, ugali wa watoto, bila haya.

Treni ilipofika alinishika mkono.

“Tata, panda! Tulikuchungia fasi ya kukaa. Tulikuona unakimbia kila siku, tukajua na weye balikufukuza.”

“Mi niko wa hapa, mama. Nakimbiaka tu juu ya kukonda.”

Akatazama tumbo langu, halafu matumbo ya watoto wake.