Mkono Chini ya Kanga

Nilipokuwa mtoto, kazi yangu ya jioni ilikuwa kuanua nguo za mdogo wangu Salehe kabla ya adhana ya magharibi. Nguo za watu wazima zingeweza kulala kambani na hakuna aliyejali. Za mtoto, hapana. Bibi alisema saa ile kuna ndege hupita juu ya nyumba, na kivuli chake kikigusa nguo ya mtoto, mtoto ataivaa nguo pamoja na kivuli. Ndege huyo hatukumtaja kwa jina. Majirani waliposema mtoto wa fulani kapatwa na ndege, kila mtu alielewa kuwa ni degedege: homa, macho yamegeuka, meno yamebana, mikono na miguu inarushwa.

Tulikaa Bweni, ng'ambo ya mto, tukiutazama mji wa Pangani. Ilikuwa miaka ya hamsini. Baba alifanya kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Waliobaki ni Mama, Bibi mzaa Baba, mimi, na Salehe, aliyekuwa ametoka kuachishwa ziwa.

Kabla yangu alikuwapo kaka, Athumani. Sikumkuta duniani, lakini nilimjua kwa namna Mama alivyonyamaza jina lake lilipotajwa. Alipatwa na ndege. Bibi alimfukiza, akamnywesha kombe, maji yaliyooshea aya za Kurani, akamwogesha kwa majani, na alipozidiwa kabisa wakamvusha mto kwenda hospitali. Huko akachomwa sindano. Walirudi naye siku ileile, amefunikwa. Tangu hapo Bibi alikuwa na neno moja alilomwambia kila mama mwenye mtoto mdogo: mtoto mwenye ndege hachomwi sindano, kwanza ndege atoke. Sindano, alisema, humfungia ndege ndani, naye akikosa njia hutoka na roho ya mtoto. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayekuonyesha shimo njiani ambalo mwenyewe aliwahi kutumbukia.

Salehe alishikwa baada ya adhuhuri, akiwa mgongoni kwa Mama. Alikuwa na homa tangu jana yake. Nguo nilikuwa nimezianua jioni iliyotangulia. Nalisema hili kwa sababu ndilo swali la kwanza lililoulizwa na mwanamke wa nyumba ya pili, naye aliniuliza huku akinitazama machoni. Bibi akanijibia.

"Muache mtoto wa watu. Nguo alianua zote, nilizikunja mimi."

Kisha akatoa kigae cha makaa na kifurushi cha mavi ya tembo, yaliyoletwa na watu wa kutoka Saadani, akamfunika Salehe pamoja na moshi chini ya kanga. Mimi nilipewa pembe ya kanga niishike isiingize upepo. Ile harufu bado ninayo, kama nyasi kavu iliyolala mvuani. Salehe alitulia, na wote tukapumua. Halafu akashikwa tena, mara hii kwa nguvu zaidi, mpaka povu likamtoka kinywani.

Mama alisimama. Sikuwahi kumwona akisimama vile mbele ya mkwewe. Alikuwa akijifunga kanga kiunoni.

"Mama, mimi navuka naye."

Nilidhani Bibi atamzuia. Bibi alimwaga makaa, akatafuta kanga yake ya kutokea.

"Tunavuka sote," alisema. "Lakini unakumbuka."

"Nakumbuka, Mama."

Kwenye mtumbwi Bibi ndiye aliyempakata Salehe. Mvushaji alitupa macho mara moja tu, akapiga kafi bila kuuliza nauli.

Tabibu aliyetupokea alikuwa Mbondei, mtu mzima, amekaa Pangani muda mrefu kiasi cha kusema kama wenyeji. Alimpa Bibi shikamoo kabla ya kumgusa mtoto. Alimvua Salehe nguo, akamwamuru Mama amkande kwa kitambaa cha maji, na polepole ule mrusho wa miguu ukakoma. Alimweleza Mama mambo bila haraka. Hii ni malaria. Dawa anayoanza nayo ni klorokwini, vidonge, na angependa kuanza navyo hata kwa huyu. Alikisaga kimoja, akakikoroga kwa maji, akajaribu kumtilia kwa kijiko. Meno yalikuwa yamebana, na kidogo kilichopenya Salehe alikitapika. Akajaribu tena. Mama alikiangalia kile kijiko kama mtu anayetazama mlango unaofungwa.

Tabibu aliweka kijiko chini.

"Iliyobaki ni kwinini," alisema. "Ya sindano."

Nadhani alikwisha kuwaona kina mama wengi wakiinuka kwenye benchi lile na kukimbia na watoto wao kwa ajili ya neno hilo. Alichuchumaa mbele ya Bibi, akawa anazungumza naye peke yake, kama vile sisi wengine tumetoka.

"Bibi, wewe ndiye unayemjua. Unamwonaje? Ndege yumo bado?"

Leo, nikiwa mtu mzima niliyesoma hili na lile, huwa najiuliza kama alikuwa akimheshimu au akimtega. Naona alikuwa akimheshimu. Alijua kuwa ruhusa ya mtoto yule haikuwa kwa Mama wala kwake.

Salehe alikuwa mapajani mwa Bibi, amelegea, amefunikwa kanga, uso tu uko nje. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni miguuni pake, na kutoka pale nilipokuwa niliona kitu ambacho waliosimama hawakukiona. Mkono wa kulia wa Salehe ulikuwa chini ya kanga, ndani ya kiganja cha Bibi, na ulikuwa bado unashtuka. Kidole gumba kiliruka, kikatulia, kikaruka tena, kama samaki mdogo aliyesahauliwa chini ya tenga. Bibi alikuwa ameukaza ule mkono. Alishusha upindo wa kanga ukaufunika vizuri.

"Ameondoka," alisema. "Mchome."

Mama alifumba macho. Tabibu akamchoma Salehe takoni, na Bibi hakuuachia mkono mpaka bomba la sindano lilipowekwa pembeni, na baada ya hapo pia hakuuachia. Nilimtazama Bibi usoni. Sijapata kuona tena uso wa namna ile. Ulikuwa uso wa mtu aliyemwona mtoto anatumbukia, na mwenye kumtumbukiza ni yeye.

Tulilala hospitali. Salehe aliendelea na dawa, na alipoweza kumeza akarudishiwa vidonge. Asubuhi moja akataka uji, akaumwaga, akalilia mwingine. Mama alicheka mpaka akalia.

Tuliporudi Bweni na Salehe akaanza kusimama tena, tuliona mguu wa kulia unaburuzika. Unyayo haukuinuka. Bibi aliukanda kwa mafuta ya nazi kila siku, kwa miezi. Haukurudi. Watu wakaanza kusema. Yule mwanamke wa nyumba ya pili alisema ndege kaacha roho kachukua mguu, na kwamba walioharakisha sindano wanajijua. Maneno hayo yalimfikia Mama, naye jioni moja akamuuliza Bibi taratibu, bila kumtazama, kama ndege alikuwa ameondoka kweli.

"Aliondoka," Bibi alisema, akaendelea kusuka ukili wake.

Mama alipoingia ndani, Bibi aliniita kwa kidole nikae karibu.

"Wewe uliona."

"Niliona, Bibi."

Alisuka kidogo. "Niliushika ule mkono nikaupima. Nikaona ndege hana haraka. Mwenye haraka ni mtoto."

Hatukulizungumza tena mpaka alipofariki.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba kwinini ya kuchomwa kwenye nyama ya tako yaweza kuugusa mshipa wa fahamu na kuulemaza mguu. Nilisoma pia kwamba watoto wengi waliokufa baada ya sindano walikwisha kuuliwa na malaria kabla hawajavuka mto, kwa siku zilizopita kwenye moshi. Kwa hiyo Bibi hakuwa mjinga kuogopa sindano, wala tabibu hakukosea kuitumia. Kila mmoja alishika kilichokuwapo. Klorokwini yenyewe, iliyotangulia mbele ya kila homa nilipokuwa mdogo, ilikuja kuondolewa baada ya malaria kuizoea, na kwinini nayo ikasogezwa ikapisha nyingine. Ninapoona jinsi dawa zinavyopokezana nafasi ya kwanza, sithubutu kumcheka mwanamke ambaye nafasi hiyo aliipa moshi. Na katika vitabu vyote hivyo sijakuta mahali palipoandikwa uzito wa kusema neno lile moja, "Ameondoka," ukiwa unaamini kwamba linaua.

Salehe alikuja kuwa fundi cherehani. Alikanyaga pedali kwa mguu mzima na ule mwingine akaupumzisha kwenye mbao, na wateja walimwita Mguu Mmoja bila yeye kuudhika. Maisha yake yote alijua habari zake kuwa ni habari za mguu. Mwaka jana, tukiwa barazani kwake, wajukuu zake wakianua nguo kabla ya magharibi bila kuambiwa na mtu, nilimweleza nilichokiona pale sakafuni. Nilimweleza kiganja cha Bibi, na upindo wa kanga, na kidole.

Nilifikiri atautazama mguu, kama afanyavyo siku zote ikitajwa siku ile. Aliinua mkono wake wa kulia, akaufumbua, akakaa akiutazama mpaka adhana ikaanza.