Oili Iliyozidi pale Majengo

Leo nimeitwa mwenye roho mbaya kwa sababu nimekataa oili ya bure.

Nilipeleka pikipiki kwa fundi pale Majengo abadilishe oili. Akamimina mpya, akaipima pikipiki ikiwa imelalia stendi ya pembeni! Oili yote imekimbilia upande mmoja, kijiti cha kupimia kikatoka kikavu, naye akaongeza.

Nikaisimamisha wima, nikapima mwenyewe. Imevuka alama ya juu.

"Punguza," nikamwambia.

"Mzee, hiyo nimekuongezea tu. Injini inywe ishibe."

Ishibe! Kwani ni ng'ombe? Oili ikizidi inafanya povu, inasukuma sili zinazoizuia isivuje, na moshi unaanza. Ile alama wameiweka iwe urembo?

Nikagoma kuondoka. Akalegeza nati ya chini ya injini huku amenuna, akakinga kwenye kopo mpaka kijiti kikakubali. Bodaboda wa kijiweni wakacheka: "Mzee anainyima pikipiki yake mwenyewe!"

Wacheke. Nilijua nimeshinda.

Kabla sijavaa kofia ngumu, fundi akalichukua lile kopo na kuimimina oili yangu kwenye pikipiki ya bodaboda aliyefuata, ambayo alikuwa ameshaijaza.

"Asante sana, fundi," jamaa akasema. "Hii ndiyo inanilishia watoto."

"Ndugu yangu, hiyo imezidi. Utaua injini," nikamwambia.

Akanitazama kwa huruma kabisa.

"Mzee, acha roho mbaya. Wewe si umekataa?"

Akapiga stata, akaondoka anafurahi.

Haya, mnaojaziwa mpaka mdomoni mkashukuru, njooni hapa mnitukane.