Ugoro Ndani ya Simu ya Susu

Harufu ya ugoro hainikuti mara nyingi siku hizi. Wiki jana ilinikuta nikiwa kwenye foleni ya duka la dawa pale mjini Wote. Mzee aliyesimama mbele yangu alifungua kikopo chake, akachota kwa kidole, akavuta, na kabla sijajizuia nikapiga chafya tatu mfululizo. Aligeuka kuniomba radhi. Nikamwambia hana kosa, kisha nikabaki nikitabasamu peke yangu mpaka mhudumu akaniuliza kama niko sawa. Nilikuwa sawa kabisa. Nilikuwa nimerudi Matinyani, kwenye uwanja wetu wa udongo mwekundu, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, mswaki mpya mkononi, na watu wazima wawili wakinikodolea macho kana kwamba nimebeba mtoto mchanga karibu na kisima.

Mwenye ugoro alikuwa Susu. Sisi Wakamba nyanya humwita hivyo, na huyu alikuwa mama yake baba. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Akiita mbuzi wake, hata wa jirani waliinua vichwa. Kila alichokithamini alikifunga kwenye pindo la leso: kitambulisho, ufunguo wa sanduku, ugoro uliokunjwa kwenye karatasi, na baadaye simu.

Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya kunyunyizia maji kule Kibwezi na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hivyo boma lilikuwa letu watatu, Susu katika nyumba yake, Mama nami katika yetu, hatua kama ishirini hivi katikati. Mdogo wake baba, Anko Muthama, alikuwa dereva Uarabuni. Babu alipofariki, Anko hakuweza kuja kumzika. Miezi michache baadaye alimpa rafiki yake aliyekuwa akirudi nyumbani simu ya kioo amletee Susu, ili kila Jumapili aone uso wa mama yake. Susu, aliyezoea kabambe yake ya vibonye, aliipokea kwa mikono miwili na kuiita simu ya kupapasa.

Simu hiyo haikumaliza miezi mitatu, na aliyeiua ni mama yangu.

Lazima niwaambie kwamba Mama alikuwa msafi wa kupindukia. Sufuria zake zilimeta hata upande unaokaa motoni. Alisugua mitungi kwa mchanga, alisugua viatu vyangu vya shule, alinisugua mimi mpaka shingo ikawaka. Siku moja Susu alikwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa na kuisahau simu kwenye kigoda. Mama akaiona imejaa alama za vidole vya mafuta, masizi ya jikoni na vumbi, akaona amtendee mama mkwe wake wema. Aliitia kwenye beseni la sabuni ya unga. Akaisugua taratibu, akaisuuza kwa maji mara mbili, akaianika juu ya tangi kando ya soksi zangu.

Ilikuwa safi sana. Haikuwaka tena.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Kitui mjini, ambako Mama aliuza ndengu na mboga sokoni. Mbele ya kibanda chetu, kwenye baraza la duka la vitambaa, palikuwa na meza ya fundi wa simu, dada mmoja wa Kiislamu aliyeitwa Halima. Alivaa hijabu iliyobanwa vizuri na miwani midogo, na vidole vyake vilikuwa vyembamba kama vya mpiga gitaa. Aliifungua simu, akaitazama, akamtazama Mama.

"Mama Mwikali, hii umeifua?"

"Nilitaka tu iwe safi."

"Imekuwa safi," alisema Halima, akamwonyesha povu kavu jeupe lililoganda ndani. "Lakini imekufa. Pole sana."

Mama hakulia pale sokoni. Alilia jikoni, akikata sukuma wiki, akidhani sioni.

Anko alituma simu ya pili. Susu aliifunga kwenye leso siku hiyohiyo na kutangaza, akiwa amesimama katikati ya uwanja ili asikike nyumba zote mbili, "Hii haitaguswa na mtu wa nyumba ile." Nyumba ile ilikuwa yetu. Mama alijibu, "Sawa, mwaitu," neno letu la mama, na tangu siku hiyo nilimwona akipita mbali na kigoda cha Susu kama mtu anayekwepa mbwa asiyemjua.

Mimi nilishikwa na kitu kingine. Nilitaka kujua ingesafishwaje. Kila Jumamosi, soko lilipopoa, nilivuka kwenda barazani kwa Anti Halima na kukaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Mwanzoni hakusema nami sana. Kisha akaanza kunieleza anachofanya, kwa ile sauti yake laini ya watu wenye asili ya Pwani, bila kuinua macho.

"Kwanza unaizima. Usiniambie hujaizima kwa sababu una haraka. Chaja iko mbali. Kava unaitoa." Halafu, kila mara, aliongeza kanuni yake: "Maji yaende kwenye kitambaa, mwanangu. Yasiende kwenye simu."

Nilijifunza kwamba sindano hutoboa wavu mdogo wa spika. Nilijifunza kwamba ukipuliza kwa mdomo unaingiza mate. Wateja walileta simu walizozipaka mafuta ya taa, simu walizozisugua kwa Jik ya kufulia nguo, simu moja iliyopigwa msasa na mwenyewe akashangaa kwa nini kioo kimekuwa na ukungu. Halima hakumcheka mtu yeyote mbele yake. Walipoondoka ndipo alipocheka, akiwa amefunika mdomo kwa hijabu, nami nikacheka naye.

Mvua fupi zilipokaribia, Susu alianza kubadilika. Kila Jumapili baada ya kanisa Anko alipiga, naye Susu, akishautazama uso wake kidogo, alibana simu sikioni, akakunja uso na kuuliza, "Ati? Ati nini? Ongea!" Mazungumzo yaliyokuwa yakichukua saa nzima yakawa dakika tano. Kisha mbili. Jumapili moja alikata simu na kukaa akichezea pindo la leso.

"Muthama ananinong'oneza," alimwambia mbuzi, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine aliyekaa karibu. "Mtoto niliyemzaa anaongea na mimi kama mtu anaficha kitu."

Akaacha kupokea. Simu ililia ndani ya leso, naye akaendelea kuchambua ndengu. Anko akapiga kwa kabambe ya Mama, Mama akavuka uwanja kuipeleka, na Susu akakataa hata kuishika. "Mambo yangu na mwanangu hayapitii kwa mlango wa mtu mwingine," alisema. Anko alikuwa amepata likizo ya Desemba, ya kwanza tangu aondoke. Susu alipoulizwa habari hiyo alijibu kwamba mwenye kunong'ona aende likizo kwa wale anaowapazia sauti.

Basi Jumapili moja mchana nilikuwa nimekaa miguuni pake nikimsaidia kupepeta, na simu ikalia. Aliitoa kwenye leso ili tu aizime. Karatasi ya ugoro ilikuja nayo, imepasuka pembeni, na vumbi la kahawia likamwagika mapajani pake. Nikaitazama simu. Ule mwanya mwembamba juu ya kioo, mahali sauti inapotokea, ulikuwa umezibwa kabisa, kahawia tupu, kama ukuta uliokandikwa. Vitundu vya chini vilikuwa hivyohivyo.

"Susu," nilisema, "Anko hanong'oni. Simu ndiyo imevuta ugoro."

Alinitazama kwa jicho moja. "Nani amekufundisha kusema hivyo?"

"Anti Halima wa sokoni. Naweza kuisafisha."

"Wewe mtu wa nyumba ile?"

Mama alikuwa mlangoni kwetu, ufagio mkononi. "Mwikali, wacha," alisema haraka. "Wacha simu ya watu. Kuja hapa."

Ningekwenda. Nilikuwa mtoto wa kutii. Lakini niliuona uso wa Susu alipoitazama ile simu inayolia, na uso huo haukuwa wa hasira hata kidogo. Nikasema, "Susu, sitatumia maji. Hata tone moja. Ukiona maji, nipige."

Simu ilinyamaza. Susu alivuta pumzi. "Utakaa hapa mbele yangu," alisema. "Na mama yako akae hapo, aone pia."

Mama akaja, akakaa kwenye ukingo wa jiwe la kusagia, mikono ikiwa imebanwa kati ya magoti.

Nilinawa mikono nikaikausha. Nilileta mswaki mpya, ule laini ambao Baba alikuwa ameniletea nami sikuwa nimeuanza, na kipande cha fulana ya pamba ya zamani. Niliizima simu, nikasubiri mpaka kioo kikawa cheusi kabisa. Nikatoa kava, na chini yake palikuwa na ugoro wa kutosha kumridhisha mzee mzima kwa siku mbili. Susu akaunyooshea mkono, akaukusanya kwenye kiganja na kuuvuta, kwa kuwa hakuwa mtu wa kupoteza kitu.

Nikaigeuza simu ikatazama chini, ili uchafu uanguke nje na usizame ndani, nikaanza kupiga mswaki ule mwanya, taratibu, kwa upande mmoja tu, kama nilivyoona. Vumbi likashuka. Nikapiga chafya, nikageuza kichwa mbali. Mama akapiga chafya. Susu, aliyeuvuta miaka arobaini, hakupiga. Nilihamia kwenye vitundu vya chini, kisha nikapitisha ncha ya mswaki kwenye mdomo wa tundu la chaja, bila kuisukuma ndani. Mkono niliuegemeza gotini.

Mwisho nikahitaji kitambaa chenye unyevu kwa ajili ya kioo. Nilimwambia Susu ukweli: "Sasa nataka maji kidogo. Ya kitambaa, si ya simu."

Mama aliinamisha kichwa. Susu alinyanyuka mwenyewe, akaleta kikombe, akachovya vidole viwili na kuvipangusa kwenye kitambaa changu. "Hayo yanatosha?"

"Yanatosha."

Nikapangusa kioo na jicho la kamera, nikakausha kwa upande mkavu, nikaiacha kivulini. Tulikaa sote watatu tukiitazama. Sijui ni dakika ngapi. Kuku wawili walipita katikati yetu na hakuna aliyewafukuza. Kisha nikaiwasha. Ilipowaka Mama alitoa sauti ndogo kooni.

Susu akapiga. Aliibana sikioni kwa nguvu kama alivyozoea, na Anko alipopokea na kusema "Mwaitu!" sauti ilitoka kali hivi kwamba Susu aliirusha simu mapajani na kushika sikio.

"Aiya! Muthama, unanipigia kelele kwa nini?"

Hata mimi niliyekaa chini nilimsikia Anko akicheka, na kisha nikasikia kwamba hacheki tena. Susu alianza kusema maneno mengi ya Kikamba kwa mara moja. Katikati ya maneno hayo alitazama upande wa jiwe la kusagia, akanyoosha mkono wenye simu.

"Mama Mwikali, shika. Salimia shemeji yako."

Mama alipangusa mikono kwenye sketi mara mbili kabla ya kuishika. Alisimama wima, akaiweka sikioni, na jambo la kwanza alilosema halikuwa salamu. Alisema, "Ni Mwikali ameitengeneza. Mtoto wangu." Nimewahi kusifiwa jukwaani na watu wenye joho. Sijawahi kuwa mrefu kama nilivyokuwa pale, nimekaa chini, na ugoro puani.

Nilikimbia nje ya boma kutangaza. Kufikia Jumapili iliyofuata mwalimu wa kwaya alileta simu yake, kisha mwenye posho mill akaleta yake, nyeupe kwa unga kama mandazi. Susu aliweka kigoda changu kando ya chake na kuwaambia wateja, kabla sijafungua mdomo, kwamba kwanza inazimwa, na atakayeleta simu yenye maji arudi nayo kwake. Hijabu ya Anti Halima ilitikisika kwa kicheko nilipomsimulia. Kisha akanipa brashi yake ndogo ya zamani, niichukue kabisa. Na Desemba Anko alikuja, mnene kuliko kwenye kioo, na Susu akamchinjia mbuzi.

Kwa miaka mingi nilijivuna kwamba nilitengeneza simu. Ndivyo nilivyoielewa habari ile. Mwaka niliomaliza chuo, Anko alinipeleka kwa gari kule Mbooni kumsalimia rafiki yake, na tukiwa tunapanda vilima aliniuliza kama naikumbuka Jumapili ya ugoro. Nikaanza kujisifu. Aliniacha nimalize.

"Mimi nilikuwa namsikia vizuri miezi yote hiyo," alisema. "Nilisikia akiniambia 'ati, ati,' halafu anakata. Nilijua ni kwa sababu sikumzika Baba. Hatukuwa tumewahi kuongea hayo. Nikaona sawa, amenikataa. Siku hiyo nilikuwa nimeandikia mkubwa wangu kwamba sitaki likizo, aniongezee miaka miwili. Ujumbe ulikuwa tayari kwa simu, bado kutuma tu."

Nilimuuliza kilichombadilisha, kwa sababu kelele peke yake haiwezi.

"Ulipotoka mbio kutangaza, Susu wako alirudishiwa simu. Akaniambia siku ya mazishi alirusha udongo mara mbili. Mara ya kwanza wake, mara ya pili akasema kwa sauti, mbele ya watu wote, huu ni wa Muthama. Alikuwa amejaribu kuniambia tangu simu ya kwanza ije."

Alibadilisha gia, kilima kikawa kikali. Mimi niliyekuwa na maneno mengi muda mfupi uliopita nilishusha kioo cha dirisha, nikaacha upepo wa Mbooni unipige usoni mpaka tukafika.