Kifo Nilichomficha Shangazi

Siku moja siisahau, mwanangu, nikiwa bado kijana, hapa hapa Bruxelles. Wakati ule nilikuwa nimeshaanza kuwa mtu. Unanijua: niliacha shule darasa la nne kule Bukavu, nikafika nchi hii na koti la kuazima, na leo magari ninayotuma Afrika hayaenei katika depo yangu ya Anderlecht. Muulize yeyote Matonge, mtaa wetu Waafrika. Hata kusoma Kifaransa nilijifundisha mwenyewe, kidole juu ya mstari, neno kwa neno. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama hadi mgongo ukalia.

Shangazi yangu, yeye aliyenilea, alikuwa amelazwa hospitali kule Woluwe, na madaktari hawakutuficha kwamba hatatoka. Mume wake alipotea njiani tulipokimbia vita. Maiti haikuonekana, donc shangazi alikataza watu kukaa matanga. Alisema mumewe atarudi. Miaka ikapita, na nyumbani bado alikuwa akimwekea sahani mezani. Sisi tuliogopa jambo moja tu: kwamba angekufa bila kumlilia mume wake, na kwetu huo ni mzigo ambao mtu haondoki nao duniani kwa amani. Lakini nani angethubutu kumwambia?

Mgonjwa mwenzake, bibi mmoja wa Kibelgiji, alimwachia riwaya iliyotafsiriwa kwa Kifaransa. Hadithi ya Marekani, upande wa kusini, kule kwenye pamba na mito mipana: mwanamke mmoja, na mume aliyekwenda kusafirisha magogo mtoni. Shangazi hakujua kusoma. Nikawa namsomea nikitoka kazini, nikigeuza kwa Kiswahili. Kidogo kidogo nikashangaa. Yule mwandishi hajawahi kuiona Kivu yetu, lakini alijua jinsi mwanamke anavyosikiliza hatua za watu barabarani, akitafuta zile anazozijua. Nani alimwambia?

Halafu nikafika pale mto unapomchukua yule mume. Bon. Kwetu mgonjwa hasimuliwi kifo. Ni kama kumwonyesha mlango. Na mimi, mwenye akili nyingi, nikatunga: mume akarudi, kuku akachinjwa, watu wakacheza.

Shangazi alifumbua macho.

"Papa, kidole yako imesimama, mudomo inakimbia. Ule muntu alikufa?"

Nikataka kukifunga kitabu.

"Soma vile iliandikwa. Usiniibie kilio yangu, mutoto yangu."

Nikasoma. Nikasoma namna maji yalivyomchukua, na namna mkewe alivyobaki akikung'uta kofia ya mumewe kila asubuhi, mpaka siku alipompa kofia ile mpita njia aliyekuwa akichomwa na jua. Hapo shangazi akaanza kulia. Kwanza polepole, kisha akalitaja jina la mume wake, jina ambalo sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu vita. Akalia kilio chote cha mke kwa mume, kwa maneno yake yote, kama wanavyolia kwetu. Nywele zilinisimama. Muuguzi aliingia mbio, akasimama mlangoni, akavua miwani yake.

Alipotulia aliniambia, "Ita watu. Wakuje wakae matanga."

Kesho yake kina maman wa kanisa walikuja kutoka Matonge na chai kwenye termosi, wakaketi sakafuni mle chumbani, na marehemu akaliliwa kama marehemu. Shangazi akawa mjane hatimaye. Wiki haikuisha akamfuata mumewe, uso umetulia.

Mwanangu, nimetuma mizigo bandari nyingi, wala sijaona kitu kinachovuka bahari namna ile: uchungu wa mtu wa mbali kuja kufungua uchungu wa mtu wa kwetu. Mficha maradhi, kilio humfichua, walisema wazee; nami nakuongezea, usimfiche mtu kilio chake ukidhani ndiyo kumpenda. Ukisoma, soma hata pale panapouma. Ukimsomea mwenzio, mpe yote.

Mungu akupe macho yasiyochoka, na siku yako ya kulia itakapofika, akupe watu wa kuketi chini pamoja nawe.