Nyasi za Kolumba

Siku moja ya kulima ngoro, haya mashimo yetu ya mlimani, haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka nakasirika upya. Kaa hapo unisikilize. Mwezi ujao unapewa ushemasi, tunakuita Frateri kijiji kizima, na jana yule mpenzi wako, mwalimu wa kule Kihagara ziwani, alipanda mpaka hapa Maguu, akalia jikoni kwangu. Anasema umemwambia avumilie tu, hata ukiwa padri mtaendelea kuonana. Mtaonana wapi, mwanangu? Vichakani?

Dada yangu Kolumba alikuwa mwimbaji wa kwaya. Akazaa na padri wa parokia yetu. Kila mtu alijua, na kila mtu alifunga mdomo. Padri akahamishiwa mbali, wakampokea huko kwa vigelegele. Kolumba akatolewa kwenye kwaya. Jambo wamelifanya wawili, aibu kaachiwa mmoja, na watu wakaona ni sawa.

Ukafika msimu. Kwetu unajua, mwanamume ndiye anayefyeka nyasi na kuzilaza miraba miraba kwenye mteremko, mwanamke anachimba na kuzifunika udongo. Shamba la Kolumba likabaki pori. Hakuna mwanamume aliyetaka kumfyekea, asije akaambiwa mtoto ni wake. Asubuhi hiyo tukamkuta anafyeka mwenyewe, mtoto mgongoni, na wajomba zetu wanapita njiani wanamtazama.

Mama yetu akatupa jembe chini. "Mnaogopa nini?" akawauliza. "Aliyepaswa kulaza nyasi hizi anasoma misa huko alikopelekwa. Yeye hamkumwuliza kitu. Huyu ndiye mnayemkimbia?"

Wakaenda zao. Mtoto naye alikua, akachoka kuulizwa baba yake ni nani, akaondoka. Hajarudi.

Baadaye niliteremka ziwani kununua dagaa, nikalala kwa padri wa Kianglikana aliyefahamiana na baba yangu. Mkewe alimgombeza mbele yetu kwa kuleta kuni mbichi, na watoto wake walimwita baba, tena kwa sauti. Kesho yake akapanda altareni, na ibada haikuharibika. Usinijibu kwa vitabu vya seminari, hayo nimeshayasikia yote. Wakubwa wa kanisa letu wakiruhusu mapadri waoe, mimi nitashangilia. Lakini hawajaruhusu, na wewe unalijua hilo.

Wala sigombani na useja. Nimemzika padri mzee aliyeuishi mpaka mwisho, nikamlilia kama baba yangu. Ninachokichukia ni useja wa mdomoni, ambao wewe unasifiwa kwa ajili yake na binti wa watu anaumia.

Kwa hiyo chagua, na uchague mchana, watu wakikuona. Ukiutaka upadri, shuka Kihagara wewe mwenyewe, umwambie binti kwamba imekwisha, asikusubiri. Ukimtaka yeye, kamwambie askofu sasa, kabla hujawekewa mikono. Watu watasema, halafu watachoka.

Mungu akupe moyo wa kusema kweli, mwanangu, na akubariki kwa hilo utakalolichagua. Ukivaa stola nitapiga vigelegele mpaka sauti inikauke. Ukioa pia nitapiga. Lakini vyovyote iwavyo, msimu huu njoo na fyekeo. Tutaanzia shamba la mama yako mkubwa Kolumba. Amezeeka, na nyasi bado anazilaza mwenyewe.