Paa la Maternite ya Ubwari

Karatasi ya kwanza niliyoipeleka Ubwari ilikuwa safi sana. Niliipiga mistari kwa rula, nikaigawa safu nne: kazi, nani, siku gani, imekwisha. Juu niliandika kwa herufi kubwa PAA LA MATERNITE. Safu ya mwisho ilikuwa tupu, na tayari nilikuwa na kalamu nyekundu ya kuijaza.

Wakati ule nilikuwa sekretere wa ofisi moja mjini Baraka. Nilipokea barua, niliandika ripoti za mikutano, nilitunza funguo za depo, ghala letu la vifaa. Kabla ya hapo nilikaa miaka kadhaa nikipokea matangazo ya redio: misiba, mbuzi waliopotea, mikutano ya wazazi. Pale nilijifunza kutomwacha mtu aondoke mezani kwangu kabla hajasema nani, wapi na saa ngapi. Nadhani ndiyo sababu mkuu wa ofisi alinipa mimi kazi ya paa. Hakunipeleka kozi yoyote. Aliniambia tu, "Weye unapendaka mambo ipangwe. Basi, panga."

Kwenye kijiji kimoja cha rasi ya Ubwari, ng'ambo ya ghuba kutoka Baraka, upepo wa masika ulikuwa umeng'oa nusu ya paa la maternite, yaani nyumba ya kujifungulia, na nusu iliyobaki mchwa walikuwa wameila. Shule ilipofungwa kwa likizo kubwa, mkunga alihamishia vitanda vyake katika darasa moja ng'ambo ya uwanja. Direkta wa shule alikubali kwa sharti: Jumamosi kabla ya masomo kuanza, darasa limrudie likiwa tupu. Baada ya hapo, kama paa halijawa tayari, akina mama wangejifungulia nyumbani, au wangevuka ghuba kwa mtumbwi uchungu ukiwa umeshaanza. Mkunga alikuwa ameshayaona hayo yote mawili. Hakutaka kuyaona tena. Tulikuwa na majuma manne.

Mbao, mabati na misumari vilikuwa tayari Baraka. Kijiji kiliahidi mikono ya kubeba, kubomoa na kupandisha. Nikaandika katika mstari wa kwanza: Jumanne, saa mbili asubuhi, kushusha mbao, wanaume ishirini.

Jumanne saa mbili asubuhi boti yetu ilifika, na ufukweni hapakuwa na mwanaume hata mmoja.

Palikuwa na wanawake wakitandaza ndagala, dagaa wa ziwani, mchangani ili wakauke. Mmoja wao, mama mwenye kitambaa cha njano, aliinua kichwa akazitazama mbao zetu, kisha akanitazama mimi. Baadaye nilijua kwamba mitumbwi miwili mikubwa ya uvuvi iliyofungwa pale ilikuwa yake.

"Jambo, mama," nilisema. "Banaume beko wapi?"

"Beko nalala."

"Bote?"

"Bote. Weye ukikesha mu maji na taa, asubui utafanya nini? Utacheza?"

Wenzake walicheka. Nilimwonyesha karatasi. Aliishika kwa ncha za vidole, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa magamba, akaisoma yote mpaka chini.

"Hii siku ulipanga na nani?"

"Na kamati ya kijiji."

"Balisema nini?"

"Balisema sawa."

"Ee. Muntu akitoka Baraka na karatasi ya rula, utamwambia nini? Unamwambia sawa, apate kwenda kula."

Kisha akanieleza, bila haraka, kama anavyoelezwa mgeni. Ndagala hufuata taa pale tu usiku unapokuwa na giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa haina kazi, na wanaume hukaa nchi kavu siku saba, nane, hata tisa, wakishona nyavu. Siku za giza wanalala mchana. Karatasi yangu ilikuwa imewaita katikati ya giza.

Nilizaliwa Baraka. Nimekula ndagala tangu nilipoota meno. Nilikuwa nimeona kwamba siku fulani sokoni wanapungua na siku fulani wanajaa, na mimi niliyemuuliza kila mtu saa na mahali sikuwahi kuuliza kwa nini. Hiyo iliniuma zaidi kuliko kicheko cha wale wanawake.

Mbao zilishushwa hivyo hivyo. Mama wa kitambaa cha njano alinawa mikono ziwani, akaita wenzake kumi na wawili, wakabeba wakiwa wawili wawili mpaka uwanja wa maternite. "Leo tunakusaidia sababu ya mama mukunga," aliniambia akipita na ubao begani. "Haiko sababu ya karatasi."

Mkunga alikuwa darasani. Alikuwa mwanamke mwembamba, asiyepandisha sauti, na ubao wa shule alikuwa ameugeuza kuwa daftari lake. Upande wa kushoto kulikuwa na orodha ya akina mama wanaongoja kujifungua, majuma kwa majuma. Hakuandika majina yao. Aliandika nyumba zao: nyuma ya kanisa, karibu na msikiti, kule kwenye michikichi. Aliichukua karatasi yangu, akaitazama, akaiweka dirishani chini ya jiwe ili isipeperuke, na akafuta nusu ya kulia ya ubao.

"Andika hapa," alisema. "Kila muntu aone."

Tukaanza upya, na safari hii tulianza mwishoni. Tuliandika Jumamosi ya direkta chini kabisa, tukarudi nyuma hatua kwa hatua. Kabla ya mabati lazima sharpanti, yaani mbao za kubebea paa, ziwe zimesimama. Kabla ya sharpanti, mbao ziwe zimepakwa oili chafu ya mashine kwa ajili ya mchwa, na zikauke. Kabla ya kupaka, fundi awe amepima na kukata. Mama wa mitumbwi alikaa kwenye benchi la wanafunzi, miguu ameinyosha, akachukua chaki na kuzungushia siku za mbalamwezi.

"Hapa mu giza siwezi kukupatia hata mumoja," alisema. "Hapa mu mbalamwezi nitakupatia mpaka utachoka kubapikia."

Kupima, kukata na kupaka oili, kazi zisizotaka nguvu nyingi, tuliziweka katika siku za giza. Kubomoa na kupandisha tuliziweka ndani ya duara lake la chaki. Mpango wote ukaingia kwenye nusu ya ubao.

Fundi alitoka Baraka. Alikuwa na mkono mzuri na jibu moja. Ukimuuliza kazi inaendeleaje, anasema iko muzuri. Ukimuuliza imebaki kiasi gani, anasema kidogo. Nilivuka ghuba mara mbili kila juma, na mara ya pili kusikia "kidogo" nilimwambia, "Nionyeshe mbao ya mwisho uliyopaka." Alitembea kando ya rundo akitafuta, akagusa moja. Ilikuwa katikati ya rundo; nusu nzima ilikuwa bado.

"Sekretere, weye uko polisi?"

"Hapana. Niko muntu wa redio. Sasa niambie, nini inaweza kukutoa huku kabla tumalize?"

Hakutegemea swali hilo. Alikuna shingo, akasema shemeji yake ana shimo la dhahabu kule Misisi na anamuita akamjengee nyumba. Akimuita tena, anakwenda. Alisema kwa unyoofu kabisa, na nilimshukuru, kwa sababu nisingeuliza, ningejua tu siku ambayo tungekuta hayupo.

Nilimpelekea mkunga habari hiyo. Alifuta mikono, akachukua simu, akampigia shemeji huyo palepale. Kumbe watoto wawili wa shemeji huyo walizaliwa mikononi mwake. "Shemeji," alisema, "huyu fundi nimemufunga. Utamupata batoto bakishaingia masomo." Akasikiliza kidogo. "Ndiyo. Na weye salimia bibi yako." Akakata. Misisi haikutajwa tena.

Siku za mbalamwezi zilipofika, ahadi ya mama wa mitumbwi ilitimia zaidi ya nilivyotarajia. Paa la zamani lilishuka kwa asubuhi moja. Wanaume waliozoea kuvuta nyavu kwa pamoja walipandisha sharpanti kwa wimbo ule ule wa kuvutia, na fundi juu ya ukuta akawa anawaomba wapunguze mwendo. Chaki ilifutwa mstari baada ya mstari. Niliona raha ambayo sijaipata katika ripoti yoyote.

Halafu ukaja upepo wa siku mbili. Ghuba ilichafuka, na boti yenye mabati ya mwisho ilikaa Baraka imefungwa. Ilipofika, siku zilizobaki ndani ya duara zilikuwa chache, na hapakuwa na mikono ya kutosha kuyapiga mabati yote kabla ya Jumamosi.

Nilisimama mbele ya ubao nikihesabu. Nilikuwa na njia. Wanaume wangeweza kufanya kazi kutoka alfajiri mpaka giza, watu wawili wangetoka Baraka, na kama hakuna atakayeumwa, nyumba nzima ingefunikwa. Nilimweleza mkunga kwa moyo wote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kama mumoja anaumwa?"

"Hapo tutakosa."

"Tutakosa nini?"

Nilitazama tena ubao. Tungekosa nyumba nzima, tukabaki na paa la vipande vipande kila mahali, bila chumba hata kimoja kilicho kamili.

"Hiyo mupango ni yako," alisema, na hakuwa na hasira. "Bamama ni yangu. Funika chumba ya kuzalia, na ile ya vitanda. Ofisi yangu na kaduka ka dawa, weka shitingi juu. Mimi ntafanya kazi chini ya plastiki. Mutoto hatazaliwa chini ya plastiki."

Nilifuta mistari ya ofisi na kaduka mwenyewe, nikaiandika upya chini ya Jumamosi. Nilipoanza kupanga upya, siku zilitosha, na niliona kwamba zinatosha.

Jumamosi asubuhi direkta wa shule alifika na kufuli mkononi. Ni mtu wa saa, mwenye shati lililopigwa pasi. Vitanda vyote vilikuwa vimeshahamishwa isipokuwa kimoja, na juu yake alikuwepo mama wa nyuma ya kanisa, wa kwanza kwenye orodha ya juma lile. Uchungu ulikuwa umemuanza alfajiri. Juu ya chumba cha kuzalia nyundo ya fundi ilikuwa bado inalia.

"Mama mukunga," direkta alisema akiwa mlangoni, "tulisema Jumamosi."

"Na leo ni siku gani?"

"Jumamosi."

"Basi iache iishe."

Mkunga alitoka uwanjani akaita juu, "Fundi, imebaki ngapi?"

Nilisubiri kusikia neno lake la siku zote. Nyundo ilinyamaza. Tulimwona akihesabu kwa kidole.

"Misumari kumi na ine."

Direkta aliweka kufuli mfukoni. Tulihesabu sote kwa masikio, hata yule mama kitandani, aliyekuwa akifunga macho kila nyundo ilipopiga. Ya kumi na nne ilipoisha, fundi alishuka na ngazi yake, na mkunga akamsimamisha mama. Mama huyo alivuka uwanja akiwa amemwegemea mama wa mitumbwi begani. Alisimama mara mbili njiani, na mara zote mbili kila mtu alisimama naye. Direkta alibeba beseni. Hakuna aliyemuomba.

Mlango wa chumba ulikuwa bado haujatiwa. Walitundika kitenge. Mtoto alizaliwa kabla jua halijafika utosini, na sauti yake iligonga mabati mapya ikaturudia nje.

Nilirudi darasani kufuta ubao, maana Jumatatu ulihitajika. Orodha ya akina mama niliinakili kwanza katika daftari la mkunga, nyumba kwa nyumba. Upande wangu ilibaki mistari mitatu: mlango, ofisi, kaduka ka dawa. Karatasi ya rula ilikuwa bado dirishani chini ya jiwe, imepauka. Niliigeuza upande wa nyuma, nikaandika ile mistari mitatu, na nikaacha nafasi ya siku.

Mama wa kitambaa cha njano alikuwa ameketi kizingitini akipumzisha bega.

"Mama," nilimuuliza, "mbalamwezi ingine inatoka lini?"

Alianza kuhesabu kwa vidole. Nilingoja amalize ndipo nikaandika.