Njia ya baiskeli isiyo na gari hata moja, Ubelgiji, ilivyotaka kuondoka na binamu yangu

Wakuu, shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu mambo.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Naingia, nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu, natoka. Leo nimejikaza. Haya ninayoandika niliyaona kwa macho yangu na mengine bado nayaota, kwa hiyo anayetafuta chai ahamie uzi mwingine. Hapa hata majani hakuna.

Nina miaka kumi na sita, naishi Wembley na mama. Tulitoka Morogoro nikiwa darasa la nne. Nyumba moja tunakaa na Anko Rama, mdogo wake mama, na binti yake Laila mwenye miaka kumi na tatu. Mama yake Laila yuko Leicester, waliachana, ila huo sio uzi wa leo.

Mjue kwanza kwamba mimi ni mwoga wa watu. Kwenye basi nikikaa dirishani, halafu mtu akakaa pembeni yangu, siwezi kumwambia samahani napita. Nashuka anaposhuka yeye, halafu natembea kurudi nyumbani. Mama anajua, akiona nimechelewa anauliza tu, "Leo umeshukia wapi?"

Twende.

Mama ni nesi wa emergency. Kila mara anarudi na habari ya mtu wa baiskeli aliyegongwa na lori, kwa hiyo kwetu baiskeli barabarani ni marufuku. Na Anko anapenda baiskeli kuliko chakula.

Likizo ya kiangazi akaja na wazo lake. Tupakie baiskeli kwenye van, tuvuke na ferry, tuendeshe hadi vijijini Ubelgiji. Huko kuna njia za changarawe ambazo magari hayaruhusiwi kabisa. Nyingine zinapita kando ya mifereji, nyingine katikati ya mashamba, nyingine zilikuwa reli za zamani zikang'olewa zikamwagiwa kokoto.

"Dada, huko hakuna hata gari moja," akambembeleza mama.

"Na watu wapo?"

"Watu wa nini tena? Tunaenda kuendesha baiskeli, hatuendi harusini."

Mama akacheka, akakubali.

Kilichonivutia mimi ni kitu kingine. Kule kila njia panda ina nguzo yenye namba. Unaangalia kwenye ramani unataka kupita namba zipi, unazifuata moja baada ya nyingine hadi unafika. Huhitaji kumuuliza mtu yeyote njia. Niliposikia hivyo nikasema basi hii nchi ni ya kwangu.

Siku ya kwanza ilikuwa tamu, siwafichi. Ng'ombe, mifereji iliyotulia, miti mirefu imepangwa kama wanafunzi mstarini. Wazee wawili watatu wa baiskeli wanatupungia mkono wanapita.

Sasa Laila. Laila amezaliwa hapa London. Kiswahili anakisikia chote, hata umbea wa mama kwenye simu, ila akijibu anajibu Kiingereza. Hilo linamuuma sana Anko. Safari ile akaweka sheria, "Ukinijibu Kiingereza, sikusikii."

Mtoto akajitahidi. Anko naye badala ya kumtia moyo anamtania. "Kiswahili chako kama redio inayotafuta stesheni."

"Basi tafuta mtoto mwingine," Laila akamjibu, na kwa kweli ile aliisema vizuri.

Kitu kingine, Laila ana pumu. Inhaler yake ilikuwa kwenye mkoba wa Anko, ule unaofungwa kwenye fremu, pamoja na passport zetu na ndizi. Hakuna aliyeliona hilo kama tatizo. Tulikuwa tunaendesha pamoja, tatizo lingetoka wapi?

Siku ya pili mchana jiwe likachana tairi ya Anko ubavuni. Sio pancha ya kuziba na kuondoka, ni mpasuko. Akakaa chini kwenye nyasi akaanza kuhangaika nayo. Jua lilikuwa kali na hapo hakuna kivuli.

"Tangulieni taratibu hadi namba inayofuata, kuna benchi na mti. Mnisubiri hapo."

Tukatangulia. Mbele kidogo tukakuta njia imefungwa kwa utepe, wanatengeneza daraja dogo, kuna mshale wa kuzungukia. Tukaufuata mshale. Mshale ukatuingiza kwenye mahindi.

Wakuu, mahindi ya kule ni marefu kuliko mtu, yamesimama kulia na kushoto kama kuta, na njia katikati nyembamba, nyeupe. Nyumbani mahindi ni kitu cha furaha, unawaza ya kuchoma. Yale sikuyapenda hata kidogo. Ukiendesha unasikia kokoto chini ya tairi. Ukisimama husikii kitu. Wembley hata ukilala kuna treni, kuna ving'ora, kuna jirani anagombana. Mimi ninayekimbia watu, nilianza kutamani hata gari moja lipite.

Mahindi yalipoisha upande mmoja tukakuta shamba la ngano, na mashine kubwa ya kuvunia inakuja na wingu lake la vumbi. Wingu likavuka njia, likatufunika. Mashine ikageuka ikaenda zake mbali, dereva sidhani hata kama alituona.

Laila akaanza kukohoa.

"Uko sawa?"

"I'm fine."

Tukasogea hadi kwenye nguzo. Laila akasema anampigia baba yake. Simu yangu ilikuwa haina roaming, yake ndiyo ilikuwa inafanya kazi. Mimi muda huo nilikuwa nimeingia kwenye mahindi, wadada mtanielewa, nikawa namsikia sauti tu.

"Baba, tuko sabini na sita. Ndiyo. Sabini na sita. Njoo na inhaler yangu."

Nikiwa nimechuchumaa kule nikafurahi, jamani. Sentensi nzima, bila Kiingereza zaidi ya inhaler.

Nilipotoka simu ilikuwa imeisha chaji. Toka asubuhi alikuwa anarekodi video.

"Anakuja," akasema. "Amesema tumeenda mbali sana. But anakuja."

Tukakaa chini kusubiri. Mimi nilikaa nimeegemea nguzo ile, namba iko juu ya kichwa changu. Sikuiangalia, ya nini sasa, ameshasema.

Anko hakuja.

Kifua cha Laila kikaanza kupiga mluzi. Mwanzoni akivuta pumzi kwa nguvu tu, baadaye kila pumzi. Mabega yanapanda na kushuka. Nikamwambia asiongee. Nikampa maji akayakataa kwa mkono. Nikaangalia njia tuliyotokea, nyeupe, tupu. Nikaangalia upande wa pili, tupu vilevile.

Kulikuwa na nyumba. Paa jekundu, ng'ambo ya shamba, si mbali. Nilikuwa nimeiona tangu tunafika. Ila kichwani nilikuwa naongea na nafsi yangu, Anko anakuja sasa hivi, nitaenda kumsumbua mtu wa watu bure, nitamwambia nini, kwa lugha gani, na akiniona msichana mweusi asiyemjua anatokea kwenye mahindi yake itakuwaje.

Halafu Laila akaacha kukohoa.

Mama aliwahi kutuambia mezani kwamba mwenye pumu akiacha kukohoa na wala hajapona, hapo ndipo uogope. Nikamwangalia midomo. Ilikuwa imebadilika rangi.

Sikumbuki vizuri nilivyomwinua. Baiskeli tuliziacha zimelala pale pale njiani. Nilimshika kiunoni, tunatembea tunasimama, tunatembea tunasimama. Getini kulikuwa na mbwa mkubwa hajafungwa. Alibweka mara moja akaja mbio. Nilimweka Laila nyuma yangu nikafumba macho, na hapo nikasikia sauti imenitoka, sauti ambayo hata mimi siijui.

"Help. Please, help us."

Akatoka mama mmoja mzee, mabuti ya mpira, mikono ina unga. Akamkemea mbwa. Hakuuliza sisi ni nani. Alimtazama Laila mara moja tu, akavuta kiti cha jikoni hadi nje, akamkalisha wima, akamwonyesha aegemee mbele mikono magotini. Akachukua simu akapiga emergency.

Akawa anawaeleza kwa lugha yao. Nikasikia kama anataja namba ya nguzo, anaonyesha kule tulikotoka. Alipomaliza nikamuuliza kwa Kiingereza amesema namba gani.

"Seven and sixty," akasema. Kwao huanza ndogo, kubwa inafuata.

"Sixty-seven?"

"Yes, yes. Sixty-seven."

Nikamgeukia Laila. "Ulimwambia baba yako ngapi?"

Hakuwa na pumzi. Alitoa neno moja moja.

"Sabini. Na. Sita." Akameza mate. "Sixty-seven."

Wakuu, sita inakuwa sitini, saba inakuwa sabini. Sisi tumekua nazo, hatufikirii. Yeye alizipishanisha. Na baba yake alikuwa anakimbiza baiskeli yenye tairi iliyofungwafungwa kuelekea sabini na sita, ng'ambo ya mfereji, kila akikanyaga pedeli anakwenda mbali na mwanawe.

Namba ya Anko sikuwa nayo kichwani, na simu yangu niliiacha kwenye baiskeli. Laila ndiye aliyekuwa nayo, alikaririshwa tangu chekechea. Hakuweza kuitamka, akaionyesha kwa vidole, tarakimu moja moja, mimi nabonyeza kwenye simu ya yule mama.

"Hello?"

"Anko, ni Asha. Sitini na saba. Sio sabini na sita. Sitini na saba."

Namsikia anahema.

"Anapumua?"

"Anapumua kidogo."

"Asha, usimwache alale. Mwongeleshe. Mwongeleshe chochote."

Mimi, wa kuongea. Niliongea, wakuu. Nilimpigia Laila stori za basi, za walimu, za Morogoro, nilimsimulia hata vitu ambavyo sijawahi kumwambia mama. Yule mzee naye ameshika mkono wake wa pili, anaitikia kwa lugha yake kana kwamba ananielewa.

Ambulance ilikuja kwenye njia ile ile ya changarawe, gari la kwanza kuliona siku ile. Wakamvisha mask ya dawa ya mvuke. Rangi ilirudi midomoni polepole sana. Anko alifika wakiwa wanamwingiza ndani. Aliiangusha baiskeli bila kuisimamisha, ameshika inhaler mkononi, akabaki amesimama nayo hivyohivyo hajui ampe nani.

Walimlaza usiku mmoja, akapona. Tulipofika nyumbani mama aliuliza swali moja tu, inhaler ilikuwa kwa nani. Anko akajibu, "Kwangu." Mama akaenda kumpashia mdogo wake chakula.

Nilichojifunza ni kwamba dawa ya mtu inakaa mfukoni mwa mwenyewe, hata kama mnatembea mmeshikana mikono. Tumeni location, msitegemee masikio. Na njia isiyo na magari ina hatari yake, mtu wa kukuokoa naye hapiti, itabidi umfuate kwake ukagonge.

Ila kinachonifanya niandike ni kingine. Tangu turudi Anko anaongea na Laila Kiingereza kitupu, tena taratibu, kama anaongea na mgeni. Hamtanii tena. Laila naye anajibu Kiingereza. Nyumba imetulia, na mimi naogopa utulivu ule.

Jumapili nilikuwa napita koridoni nikamsikia bafuni, amefunga mlango, anahesabu kwa sauti ndogo. Sitini na saba. Sitini na nane. Sitini na tisa. Akarudia tena sitini na tisa.

Nikasema kwa nje, "Sabini."

Akafungua maji.

Wakuu mliolea watoto ughaibuni, mtoto akishaiogopa lugha yenu mnamrudishaje? Na Anko nimwanzeje mimi, mtoto wa dada yake? Semeni hapa wazi, PM naogopa kufungua.